Paa la Sajenti

Tarumbeta ya kambi ya jeshi hapa Kasese ililia kila alfajiri, ikavuka seng'enge, ikavuka barabara ya vumbi na reli ya zamani iliyokwisha kuota nyasi, ikaingia vibandani mwetu bila kubisha hodi. Haikuwa yetu tena. Baba zetu walikwisha kuondolewa jeshini, wengine kwa ugonjwa, wengine kwa kukosa mguu au jicho, na wengi wao walikuwa wamekufa. Lakini mama zetu waliamka nayo vilevile, na mwanamke aliyebaki kitandani baada ya tarumbeta alihesabiwa mvivu. Jioni, bendera ilipokuwa ikishushwa, walisimama wima popote walipokuwa, hata aliyeshika sufuria ya uji wa moto, mpaka sauti ikome. Wakonzo waliopita na baiskeli zao zilizosheheni ndizi za matoke wakishuka kutoka milimani walitutazama na kutabasamu, nadhani wakijiuliza ni watu gani hawa, wamefukuzwa na bado wanapiga saluti. Mimi nilikuwa na miaka tisa na niliona ni jambo la kawaida kabisa. Mtoto aliyezaliwa kambini hajui kwamba kuna watu wanaoamka wanapotaka.

Baba yangu alikuwa praiveti kutoka upande wa Arua, mbali kaskazini. Kifua chake kilipoharibika alipewa karatasi na siku chache za kuhama, tukatoka katika unipoti, kile kibanda cha bati cha mviringo nilimozaliwa, tukavuka barabara na godoro moja na kuku wawili. Hiyo ndiyo ilikuwa safari yetu yote ya kurudi uraiani, hatua zisizofika mia tatu. Kurudi Arua hakukuwezekana, kwa kuwa nauli haikuwepo na shamba la ukoo lilikwisha kugawanywa. Baba alijenga kwa mataruma ya reli na udongo, akaezeka kwa turubai kuukuu la lori, akasema kwamba paa la kweli litafuata. Kabla halijafuata, yeye akatangulia. Tulimzika makaburini kwa Waislamu, juu yake udongo na mbingu tu, na mama akarudi kwenye turubai na watoto watatu. Mimi Safi nilikuwa wa kwanza.

Pale relini kila mwanamke aliitwa kwa cheo cha mumewe. Kulikuwa na Mama Koplo wawili, na Mama Praiveti kadhaa ambao hatukuwaita hivyo usoni, bali kwa majina ya watoto wao, na juu ya wote alikuwapo Mama Sajenti. Mumewe, mtu wa Teso, alikufa mwaka mmoja baada ya kuondolewa, na kwa sababu maiti haikuweza kusafirishwa hadi kwao, alizikwa hapohapo, nyuma ya nyumba ya matofali iliyoachwa na watu wa reli, ambayo mkewe alikuwa ameiwahi kwa haki ya cheo. Ilikuwa na paa la vigae lisilovuja hata tone. Bombani, Mama Sajenti alichota kwanza. Wakafuata makoplo, kisha mapraiveti, na baina ya mapraiveti wenyewe ilitazamwa namba ya jeshi ya marehemu, kwa maana aliyeandikishwa mapema ni mkubwa wa aliyeandikishwa baadaye. Wanawake wasiojua kusoma walizijua namba za waume zao kwa moyo. Ya baba yangu ilikuwa ya karibuni kuliko zote, kwa hiyo ndoo yetu ilikuwa ya mwisho siku zote. Nililalamika mara moja, na mama akanijibu kwa Kiswahili chake cha kambini, "Nyuma pia ni laini, Safi. Itafika." Nilimwamini, kwa kuwa maji kweli yalifika, ingawa na tope.

Mama hakukaa akilia. Alichukua chumvi Kabatoro, penye ziwa la chumvi, akaipeleka Bwera kwenye mpaka wa Kongo kwa lori la Haji mmoja msafirishaji ambaye alimhurumia na kumpakia juu ya magunia bila nauli, kwa sharti kwamba asimwimbie dereva akasinzia. Siku za likizo nilikwenda naye. Nakumbuka harufu ya soko la mpakani, samaki wa moshi kutoka Hamukungu, mafuta ya mawese ya ng'ambo, vitenge vipya vinavyonuka rangi, jasho la watu waliovuka daraja kwa miguu na mizigo. Wanawake wa Kongo walimpenda mama kwa sababu kipimo chake kilikuwa na kilele. "Mama ya chumvi," wangemwita, "batoto beko namna gani?" Naye angenisukuma mbele wanione, akijibu kwamba mutoto mumoja ndiye huyu, wengine wako nyumbani wanakula. Turudipo alibeba unga wa muhogo, mawese, mara nyingine samaki wawili. Alipofika, kabla hajavua ushungi, aligawa vyote mafungu mawili.

Fungu la pili lilikuwa la Mama Sajenti na wanawe wawili. Mama Sajenti hakufanya biashara. Alisema mke wa sajenti hawezi kuonekana Bwera na gunia kichwani, watu wa kambi wangesema nini, na mama yangu aliliona hilo ni neno la haki kabisa. Basi akabeba chumvi ya nyumba mbili. Kwa msimu mzima wa kiangazi mimi ndiye niliyepeleka sahani iliyofunikwa kwa kitambaa, nikapiga magoti mlangoni, nikaipokea ikiwa tupu kesho yake. Sikumbuki kusikia asante, lakini sikuitarajia. Mkubwa akila kwako amekuheshimu, ndivyo tulivyofundishwa. Wenye lugha hii walikwisha kusema zamani kwamba shukrani ya punda ni mateke, ila hakuna aliyetuambia kwamba kuna punda wenye cheo.

Kiangazi kilipokuwa kinaisha na mawingu yameanza kukaa juu ya milima, wakaja watu wa hisani kutoka mbali, vijana watatu wenye fulana zinazofanana. Walikuwa wanasaidia jamaa za askari wa zamani. Walipita wakatazama vibanda vyetu, mmoja wao akainua kichwa ndani ya chetu akaona anga kupitia tundu la turubai, akaandika kitu. Walisema wataleta mabati, na kwamba hayatatosha kila nyumba, hivyo sisi wenyewe tuteue kiongozi atakayeorodhesha nyumba zinazovuja zaidi. Uteuzi haukuchukua muda wa kumeza mate. Nani mwingine angeongoza, na Mama Sajenti yupo? Tena alijua Kiingereza. Jioni ile alikuja kwetu mwenyewe, jambo lisilowahi kutokea, akaketi juu ya mkeka wetu, akatazama turubai na mdogo wangu wa mwisho aliyekuwa akikohoa. Akamshika mama mkono. "Mama Safi," alisema, "ile bati ya kwanza iko yako. Mimi naandika jina yako juu."

Mama hakulala kwa furaha. Aliniambia tutakapoweka kitanda, na pale ukutani tutakapopigilia misumari ya kutundika sare za shule, maana chini ya turubai kila kitu kilikaa ndani ya gunia. Alitoka akapima kwa hatua zake, akahesabu kwamba mabati manane yangetosha na kipande kingebaki kwa jiko. Mdogo wangu alikuwa akikohoa tangu mvua zilizopita, na mganga wa zahanati alikwisha kusema bila kuzunguka kwamba dawa peke yake haitamponya mtoto anayelala majini. Kwa hiyo mabati hayakuwa pambo kwetu. Yalikuwa kifua cha yule mtoto.

Lori lilifika mchana wa jua kali. Kijana mwenye karatasi alikuwa tayari kuita majina, na jina la kwanza, kwa kweli, lilikuwa la mama yangu. Nililiona kwa macho yangu, nilikuwa nimejipenyeza chini ya mkono wake nami nilikwisha kujua kusoma. Mama Sajenti akamwambia kwa Kiingereza kwamba hakuna haja ya kujichosha, watu hawa wanajua kujipanga. Kisha akatugeukia, na sauti iliyotoka haikuwa ya mwanamke aliyeketi juu ya mkeka wetu. Ilikuwa ya marehemu mumewe kwenye uwanja wa gwaride. "Laini moja. Mukubwa mbele, mudogo nyuma. Hakuna kelele."

Wakajipanga. Miaka yote hii nimejaribu kukumbuka mtu hata mmoja aliyesita, na simwoni. Walijipanga kama walivyozoea bombani, sajenti, makoplo, mapraiveti kwa namba zao, wakanyoosha mstari kwa kutazama bega la aliye mbele. Kijana mwenye karatasi alifurahi mno, akasema hajawahi kuona watu wenye nidhamu kama hii, akaikunja ile orodha akaitia mfukoni. Mama yangu, ambaye jina lake lilikuwa juu ya ile karatasi, alitembea kwa miguu yake mwenyewe mpaka mwisho. Nilimvuta kanga nikamwambia, mama, uko wa kwanza, nimesoma. Akaniambia ninyamaze, Mama Sajenti anajua anachofanya, watu wa nje wasituone tunagombana. Mabati yalikwisha wakiwa wamebaki wanawake wawili kabla ya kumfikia. Kijana akauliza kama kuna aliyekosa mwenye shida kubwa. Mama Sajenti, akiwa ameketi juu ya mabati yake, akamjibu kwamba wote wameridhika. Na wote wakanyamaza, na mama yangu akanyamaza pamoja nao.

Hata hivyo mama aliendelea kungoja. Alisema ni ujanja wa wakubwa, kwamba mwenzake amechukua mbele ya wageni ili atugawie baada ya wageni kuondoka, kwa sababu nyumba yake ina vigae, angefanyia nini mabati? Siku tatu tulitazama upande ule. Siku ya nne tukasikia nyundo. Mama alifuta mikono akasimama mlangoni akitabasamu, na mimi nikakimbia kutazama ni nani anakuja na ngazi. Hakuna aliyekuwa anakuja. Mafundi walikuwa nyuma ya nyumba ya vigae, wamesimika nguzo nne kwenye kaburi la Sajenti, na walikuwa wanaliezeka.

Najua kwamba makabila mengine huezeka makaburi, na sisemi ni vibaya mtu kumheshimu maiti wake. Najua pia kwamba yule mama hakuwa amelala vizuri tangu amwache mumewe katika udongo usio wa kwao. Haya yote nimeyafikiri nikiwa mtu mzima, kwa utaratibu, na hayajanipunguzia kitu. Mabati manane mapya yaling'aa juu ya mtu asiyekohoa. Kama angeyauza ningemwelewa upesi zaidi. Mama yangu alikwenda akasimama pale kidogo, akarudi, akasema tu, "Ni kweli, afande alikuwa analowana."

Mvua kubwa ya kwanza ilianguka alasiri moja ya Jumamosi, mvua ya Kasese iletayo upepo wa mlimani na mawe madogo ya barafu. Turubai lilipasuka kutoka tundu hadi pembe. Godoro, magunia, vitabu, vyote vikaelea. Mama alimfunga mdogo wangu mgongoni, akatushika sisi wawili, akatazama huku na huku, na paa pekee la karibu lisilo na mlango lilikuwa lile. Tukakimbilia kaburini. Tuliketi juu ya saruji ya Sajenti tukiwa tumekunja miguu, mvua ikipiga mabati kwa kishindo, na nakumbuka mawazo yangu barabara: niliwaza kwamba sasa yametufikia, ingawa kwa njia ya kuzunguka. Mdogo wangu aliacha kukohoa, akasinzia.

Mama Sajenti alitoka na mwavuli. Alisimama nje ya nguzo, hakutukaripia, hakupandisha sauti. "Toka hapo, Mama Safi. Hapo ni kwa afande."

Nilimtazama mama yangu. Nilitaka aseme. Alikuwa na maneno mengi ya kusema, alikuwa na chumvi ya msimu mzima, alikuwa na jina lake juu ya karatasi. Mtu aliyesimama mbele yake alikuwa ameshiba kwa mikono yake. Mama akanyanyuka, akapangusa saruji mahali tulipokuwa tumeketi kwa ncha ya kanga, akasema, "Ndiyo, mama," akatutoa kwenye mvua.

Nimewahi kusalitiwa baadaye maishani, na mume na rafiki na hata mwili wangu mwenyewe, lakini bado sijapata usaliti uliozidi ile "ndiyo, mama". Mama Sajenti alivunja ahadi, na ahadi ni deni, atalijibu kwa Mungu wake. Mama yangu ndiye aliyeniacha peke yangu na hasira. Mdogo wangu alikaa hospitali wiki tatu. Alipona, alhamdulillahi, lakini kifua chake hadi leo hufanya sauti ya mlango usiotiwa mafuta. Juma lilelile alilotoka hospitali, mama alirudi Bwera, akaja na muhogo na mawese, na kabla hajavua ushungi akagawa mafungu mawili. Akanipa sahani. Nilifika relini nikaimwaga yote juu ya kokoto, mbele ya macho ya mama. Alinichapa siku hiyo, mara ya kwanza na ya mwisho. Akaniambia kwamba wale watoto wawili hawakupanga laini. "Batoto hawana cheo," alisema. Nikaipeleka sahani nyingine. Nilipiga magoti, lakini kwa moyo wangu nilikuwa nimesimama, na tangu siku ile hadi nilipoolewa sikumwambia mama jambo lolote la ndani.

Sasa mimi ni mwalimu, nina nyumba Kasese, na mama anakaa kwangu chini ya paa ambalo nililipigilia nikiwa na hasira ya mtoto wa miaka tisa. Vibanda vya relini bado vipo. Wenyewe karibu wote ni wengine, wajane wa vita vingine na wake za vilema wapya, na tarumbeta ni ileile. Sisi wachache tuliokulia pale tumeunda kikundi, na mwaka huu kabla ya mvua tulipata mabati. Niliwaambia wenzangu masharti yangu mapema. Nilipita nyumba hadi nyumba mwenyewe, nikahesabu kuanzia kibanda kibovu kuliko vyote nikienda juu, wala sikukubali lori lipakiwe mpaka nilipojua kwamba wa mwisho atapata sawa na wa kwanza, na ziada kidogo ibaki. Asubuhi ya kugawa niliwaambia wanawake kwamba hakuna mstari, kila mtu akae kwake, tutamletea mlangoni.

Nikageuka kufungua kamba za lori. Nilipogeuka tena, mstari ulikuwa umekwisha kunyooka. Mbele kabisa, ameegemea fimbo, macho yana ukungu, alikuwapo Mama Sajenti, mzee sana sasa, wanawe wako mbali na hawaandiki. Nyuma yake makoplo, nyuma yao mapraiveti, wasichana wadogo waliofiwa juzi, wakitazamana mabega. Nilikwenda moja kwa moja hadi kwa msichana wa nyuma, nikamnyooshea bati. Aliweka mikono nyuma. "Madam, anza na wakubwa," alisema kwa upole, na nikaona kwamba ananionea aibu. Nikabaki na bati mikononi katikati ya watu niliokuja kuwatetea. Mwishowe nikaenda mbele. Mama Sajenti alilipapasa kwa vidole, akaniuliza kama lile ni la rangi au jeupe, kwa sababu yale ya afande yameshika kutu na yanadondosha. Nilimpa yote manane, kama nilivyowapa wengine, na sikuuliza atayapeleka wapi.

Tuligawa hadi adhuhuri. Yule msichana wa nyuma alipata yake, nami nilikuwa nafuta jasho nikidhani nimemaliza, nilipoona kwamba nyuma yake kuna mtu mmoja zaidi. Alikuwa mama yangu. Alikuwa ametembea kutoka kwangu kwa miguu, kwenye jua lile, amevaa kanga ya kutokea, na alikuwa amesimama mahali pa namba ya baba, wa mwisho wa wote. Nilimwambia, mama, wewe una nyumba, unatafuta nini hapa? Mama hakunitazama. Alikuwa anatazama lori, ziada ile iliyobaki.

"Siku ile haikunifikia," alisema.

Miaka yote nilidhani alikuwa amesamehe, au hakuumia, au heshima ilikuwa imemla moyo ukaisha. Kumbe alikuwa bado yupo kwenye laini. Nilipanda lorini mwenyewe, nikateremsha manane, moja baada ya jingine, nikayaweka miguuni pake, naye akayahesabu kwa sauti mpaka la nane. Yapo nyumbani kwangu sasa, yameegemezwa ukutani chini ya dirisha lake. Hayana kazi. Nimemwambia mara mbili tuwape wenye shida, naye anasema, bado kidogo.